Mlinzi wa Ndiva na Vitabu vya Bwana Fimbo

Kila asubuhi, akishavuta kizibo na maji ya ndiva yakaanza kukimbilia mferejini, Lugano alijifuta mikono kwenye majani makavu, kiganja na mgongo wa kiganja, halafu akatoa kitabu mfukoni mwa koti. Alikuwa anakifunga kwa kipande cha kanga ya marehemu mkewe. Alisoma ukurasa mmoja tu, amesimama. Ukurasa mmoja ulitosha maji kufika shamba la kwanza, na tena hakutaka kumaliza upesi, kwa sababu vitabu vilikuwa tisa na hakuna aliyejua vingine vinapatikana wapi.

Ndiva yenyewe ni bwawa la udongo lililochimbwa na watu wa zamani, pale mlima unapolegea kushukia tambarare ya Maore. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yakashuka mashambani kwa zamu. Nani afungue, hiyo ilikuwa kesi ya miaka mingi. Koo mbili ziligombania kizibo hicho mpaka watu wakanyosheana majembe. Kijiji cha ujamaa kilipoanza, wazee walikaa siku mbili, wakaona njia ni moja: kizibo ashike mtu asiye na ukoo pale.

Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja.

"Wewe huna shangazi hapa, huna mjomba," Hezroni, mwenyekiti wa kijiji, alimwambia mbele ya watu wote. "Utampendelea nani?"

Watu wakacheka. Lugano naye akacheka, akapokea kamba ya kizibo kwa mikono miwili.

Alikuwa ametoka kwao Tukuyu angali kijana, juu ya lori la vibarua wa mkonge. Alikata mkonge miaka kumi na mitatu. Miiba ilimchonga mikono mpaka ikawa kama gome la mti. Pale kambini ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake barua za nyumbani, maana alikuwa amesoma madarasa mawili kwa wamisheni na hakuyasahau. Akamwoa Esta, binti wa mama Dorkas, mjane wa kutoka Myamba, huko juu mlimani, aliyekuwa ameteremka tambarare kutafuta shamba. Bei ya mkonge ilipoanguka walihamia kijijini wote watatu. Mwaka wa pili Esta alishikwa na homa, siku nne tu, akafa. Lugano alimzika nyuma ya nyumba, akapanda isale, mmea wanaoupanda huko makaburini, kichwani pa kaburi. Mtoto hawakujaliwa. Barua za Tukuyu zilikuwa zimeacha kuja tangu kabla ya Uhuru, kwa hiyo alichokuwa nacho duniani kilikuwa hicho: nyumba, kaburi, na kamba ya kizibo.

Sanduku la vitabu lilikuja mwaka wa kisomo, wakati watu wazima wote walipotakiwa wajue kusoma. Mwalimu wa kisomo, Elirehema, kijana mwembamba wa kutoka Same mjini, alilibeba kichwani kutoka barabarani. Juu kulikuwa na vitabu vya kilimo cha pamba, na uchimbaji wa vyoo, na ufugaji wa kuku. Darasa lilikuwa ghalani saa kumi za alasiri, watu wametoka shamba la pamoja, wamechoka, na kitabu cha pamba kinawalaza. Bibi Ziada, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote darasani, alikoroma mara mbili katika juma moja.

Ndipo Lugano, akipanga vitabu, akavikuta chini kabisa. Vilikuwa vyembamba, karatasi imegeuka rangi ya chai, vina namba mgongoni moja mpaka tisa. Vilitafsiriwa zamani, wakati wa Mwingereza. Vyote vilihusu mpelelezi mmoja Mzungu aliyetembea na fimbo nyeusi yenye kichwa cha fedha.

"Mwalimu, hivi navyo ni vya kisomo?"

Elirehema alivitazama akainua mabega. "Vina maandishi? Basi ni vya kisomo. Wasomee wewe, sauti unayo."

Akaanza namba moja Jumatatu. Mkufu umeibwa kwenye nyumba kubwa, mvua inanyesha, milango imefungwa, na waliolala humo ni saba. Bwana mwenye fimbo akafika, akatazama tope kwenye kiatu, akatazama saa iliyosimama ukutani. Hakuna aliyesinzia siku hiyo. Jumanne watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga darasani walisimama mlangoni. Isihaka, seremala, mtu wa maneno mengi, ndiye aliyempa mpelelezi jina. "Huyu Bwana Fimbo," alisema, "angeshuka hapa Maore angejua nani alikula jogoo wangu!"

"Jogoo wako alikufa kwa uzee," Bibi Ziada akamjibu. "Endelea, baba Lugano, usimsikilize."

Lugano alivipenda vitabu vile kuliko wote waliomsikiliza. Alikuwa na miaka arobaini na kitu na hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba kutazama ni kazi. Yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kutazama, kimya, pembeni. Sasa akitembea kandokando ya mfereji aliona alama za kwato akajua ni mbuzi wa nani, aliona tuta limebonyea akajua nani kapita na mzigo. Ilikuwa kama amepewa macho mengine.

Lakini ilipofika Ijumaa asubuhi, akiwa ametangulia ukurasa mmoja mbele ya darasa kama desturi yake, ukurasa mmoja kabla ya mwisho, alikutana na sentensi iliyomfanya asimame mpaka maji yakapita shamba la kwanza na la pili. Mwizi alikuwa mtunza bustani, mtu mweusi aliyeletwa na meli. Na Bwana Fimbo, yule mwenye akili, alikuwa anaeleza jinsi alivyojua: "Nilianza na yule asiye na kwao. Weusi wa watu hawa haujui haya. Machoni mwao hamna kitu."

Lugano alirudia kusoma. Akatazama jalada kama linaweza kumwambia jambo. Aliyeandika haya, aliwaza, hajawahi kula na mtu kama mimi sahani moja.

Jioni aliiruka sentensi. Alisoma, "Nilianza na mtunza bustani," akapita haraka, kama mtu anayevuka mfereji. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejua. Akajiambia namba mbili itakuwa vingine.

Namba mbili mwizi alikuwa baharia Mwarabu, "mwenye jicho la paka kama wenzake wote." Namba tatu, mpishi mweusi aliyetia sumu kwenye supu. Lugano aliruka maneno, akalainisha, akapunguza, lakini mwizi huwezi kumruka. Hadithi nzima inamngoja yeye. Na wasikilizaji hawakuwa wajinga. Kufikia namba tatu walikuwa wameacha kuhesabu viatu na saa. Akitajwa mtu mpya tu, Isihaka aliuliza kwa sauti, "Huyo katokea wapi?" Akiambiwa katoka mbali, aligonga gogo alilokalia. "Huyo huyo! Funga kitabu, mwizi tumempata."

Watu walicheka. Siku moja katika kucheka huko, Bibi Ziada alifuta machozi akasema, bila ubaya wowote, "Sasa Lugano, na wewe si umetoka mbali?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Lugano alicheka nao. Alishika kitabu juu kidogo, kikamfunika mdomo.

Ilipofika namba nne alifanya jambo ambalo hakulipanga. Alikuwa amekwisha kusoma mwisho pale ndivani: mpagazi wa Kiafrika ndiye aliyemchoma kisu bwana wake. Jioni, alipofika ukurasa wa mwisho, mdomo wake ulisema mengine. Alisema mwuaji ni tajiri mwenye nyumba, ndugu wa marehemu, aliyetaka shamba. Alitunga papo hapo, macho kwenye karatasi, akaeleza hata tope kwenye viatu vya tajiri.

Makofi hayakupigwa.

"Haiwezekani," Hezroni akasema kutoka kiti cha mbele. "Mwenye nyumba aue katika nyumba yake?"

"Umeruka ukurasa," Isihaka akasema. "Mpagazi je? Tulikwisha kumshika tangu juzi!"

"Mwalimu, hebu tazama," mwingine akasema.

Elirehema alinyoosha mkono. Lugano angeweza kusema taa imepungua, au macho yamechoka, lakini ilikuwa saa kumi na moja na jua lilikuwa limejaa mlangoni. Akampa kitabu. Elirehema akasoma mwisho wote kama ulivyo, kwa sauti ya darasani, na sentensi zote zilizorukwa zikiwemo. Alipofika kwenye weusi wa watu hawa, maneno yaleyale ya namba moja, sauti ilimpungua, lakini hakuacha. Alipomaliza hakumtazama Lugano.

"Kwa hiyo umetudanganya," Hezroni akasema taratibu. "Kwa nini umfiche mpagazi?"

"Niliona hakustahili, Ndugu Mwenyekiti."

"Ndugu yako?" Isihaka akauliza, na ghala zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo, watoto wakikutana naye njiani walimwita Mpagazi.

Mwezi wa nane mvua ilikuwa imesahaulika. Kijito kilibaki uzi tu, na ndiva ilikuwa ikijaa nusu. Mahindi ya kila mtu yalikuwa yanatoa mbelewele. Maji ya siku tatu yangeamua nani atakula na nani hatakula. Lugano alikuwa anaanza kazi mapema zaidi, na kufunga kizibo jioni kwa mafundo mawili.

Asubuhi moja akaikuta ndiva tupu. Tope lilikuwa linang'aa, vyura wamekaa juu yake kama watu waliofukuzwa nyumbani. Kizibo kilikuwa kimelala pembeni, kamba imekatwa.

Alifanya kama alivyojifunza. Hakupiga kelele kwanza. Alifuata mfereji kwa miguu, akitazama. Matawi matatu ya mfereji yalikuwa makavu. Tawi la nne, ili maji yageuke yaingie shamba la kando, lilikuwa limezibwa kwa udongo mbichi na majani yaliyokatwa usiku huohuo. Hayakuwa yamenyauka bado. Akakivuka kizuizi kile akaingia shambani. Mahindi yalikuwa yamesimama kwenye maji mpaka kwenye kifundo cha mguu. Lilikuwa shamba la Hezroni.

Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko alivyosimama kwenye ukurasa wowote.

Mkutano ulifanyika ghalani, watu wamekalia magogo yaleyale ya kisomo. Labda ndiyo sababu ulikwenda ulivyokwenda. Isihaka ndiye aliyeinuka wa kwanza, na hakuwa na ubaya hasa usoni. Alikuwa mtu aliyekuta mchezo anaoujua.

"Tufanye kama Bwana Fimbo. Kizibo kinashikwa na nani?"

"Lugano," watu wakajibu.

"Mafundo anayajua nani?"

"Lugano."

"Na Lugano katokea wapi?"

Wengine walitabasamu, wengine walitazama chini.

Lugano akainuka. "Ndugu zangu, kamba imekatwa. Mafundo nayajua mimi, ningeikata ya nini? Maji hayapotei hewani. Tokeni hapa sasa hivi, tembeeni hatua mia mbili, mkaone shamba lililolowa. Msinisikilize mimi. Nendeni mkatazame."

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka alipokaa, Bibi Ziada angeweza kuona mahindi yale yalivyosimama wima wakati mengine yote yamekunjamana. Hakuna aliyegeuza kichwa.

"Tunazungumzia kizibo," Hezroni akasema. "Hatuzungumzii mashamba. Mambo ya mashamba yana kikao chake." Akawageukia watu. "Mtu aliyebadilisha kitabu mbele ya macho yetu, huyo tunamkabidhije maji?"

Hilo ndilo lililoshika. Lilikuwa la kweli, na watu walilipokea kwa nafuu, kama mzigo uliopata mahali pa kutuliwa. Lugano aliona nyuso zao zinalegea. Akakumbuka kile walichomwambia siku ile ya kamba: huna shangazi hapa, huna mjomba. Maneno yaleyale. Yalikuwa yamegeuzwa upande wa pili tu.

Alimtazama mwalimu. Elirehema alikuwa anaandika kumbukumbu za mkutano, kichwa chini, kalamu inakwenda.

Kamba akapewa binamu wa Hezroni.

Jioni alikwenda kwa mama Dorkas. Mkwe na mama mkwe hawaingiliani jikoni. Alikaa nje juu ya kinu kilicholazwa, mgongo ukutani, na mama mkwe akakaa ndani, upande wa pili wa ukuta huohuo. Hivyo ndivyo walivyozungumza tangu Esta yuko hai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

Akamsikia anakoroga chungu.

"Nilipita shamba la Hezroni asubuhi, nikienda kuokota kuni," Dorkas akasema. "Tope lilinifika hapa kifundoni. Mpaka sasa kanga haijakauka."

Lugano alifumba macho. "Mbona hukusema mkutanoni, mama?"

"Ningesema, halafu zamu yangu ya maji nani angeifungua kesho? Binamu yake." Mwiko ukagonga ukingo wa chungu. "Mimi mjane. Nyamaza, mwanangu. Watasahau. Utakaa tu."

Sahani ya makande ikasukumwa mlangoni. Aliila yote, ili asimsikitishe.

Kesho yake akaenda kwa Hezroni kuomba barua ya safari. Siku zile mtu hakuhama kijiji hivihivi. Bila barua ya mwenyekiti, huko uendako unaulizwa umetoroka nini.

Hezroni alimkaribisha kiti. Alikuwa mpole, upole wa mtu anayetaka jambo lipite. "Uende wapi, Lugano? Hakuna anayekufukuza. Nyumba ni yako, shamba ni lako."

"Niende Same. Nitafute kazi."

"Ukiondoka sasa watasema umekimbia. Ukikaa, mambo yatapoa." Akainama mbele. "Na halafu, kitabu cha tano hatujaanza. Watu wananiuliza. Mwalimu anasoma kama anaita majina. Rudi utusomee, bwana. Sauti yako wanaipenda."

Lugano alimtazama aone kama anamtania. Hakuwa anatania.

Akarudi ghalani, kwa kuwa hakujua pa kwenda pengine saa kumi za alasiri. Akasoma namba tano. Akasoma na namba sita. Hakuruka tena neno, lakini alisoma kwa sauti ya chini sehemu zile, na watu hawakulalamika. Walimpisha njia, walimwita baba Lugano, walimletea maji ya kunywa katikati ya sura. Asubuhi hakuwa na ndiva ya kwenda. Aliamka saa ileile, akavaa koti, akasimama karibu na kaburi, akaumwagia mmea wa isale kikombe kimoja cha maji yake ya kunywa, na akasoma ukurasa wake mmoja hapo. Kutoka hapo alisikia maji yanafunguliwa, na akajua kwa sauti yake tu yanakwenda kwa nani kwanza.

Namba sita iliishia siku ya Alhamisi. Ghala lilijaa mpaka mlangoni. Bwana Fimbo alikuwa amewakusanya wote sebuleni kama kawaida yake, na mtumishi mweusi alikuwa amesimama karibu na dirisha ameshika sinia. Lugano alijua kinachofuata. Alikuwa amekisoma asubuhi kaburini. Aliinua sauti. Mara ya kwanza tangu vitabu vianze, aliisoma sentensi yote kwa sauti yake nzuri, kila neno mahali pake, taratibu, bila kuharakishia nukta:

"'Sihitaji ushahidi zaidi, mabwana. Mtazameni alivyosimama. Mtu mweusi asiye na kwao, nani mwingine humu angefanya?'"

Akaacha hapo. Vumbi lilikuwa linacheza kwenye jua la mlangoni.

"Ndivyo kilivyoandikwa?" Bibi Ziada akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ndivyo, bibi. Na vile vya kwanza vimeandikwa hivihivi. Mimi nilikuwa naruka."

Alisoma nyuso zao moja moja. Isihaka alikuwa ameuondoa mkono wake juu ya gogo. Hezroni alikuwa anakuna goti.

"Sasa malizia," mwenyekiti akasema. "Mwizi nani?"

"Mnamjua," Lugano akajibu.

Akafunga kitabu. Akafungua kile kipande cha kanga, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni, na kitabu akakiweka juu ya kigoda alichokuwa amekalia, jalada juu. Akatoka. Walimpisha mlangoni, wakivuta miguu.

"Kaenda kujisaidia," akamsikia Isihaka nyuma yake. "Tumngoje."

Hakupitia nyumbani. Ya kaburi alikwisha kuyafanya asubuhi. Barua hakuwa nayo, na alijua watakavyosema kesho. Alikuwa amekwisha kuwasikia wakisema, kitabu baada ya kitabu, wakigonga magogo. Wangesema hivyo hata kama angekaa mpaka akazikwa chini ya isale ile.

Njia ilipita nyuma ya jiko la mama Dorkas. Alikuwa anafagia ndani. Ufagio ukasimama alipozijua hatua zake.

"Lugano? Kisomo kimekwisha mapema?"

"Ndiyo, mama."

"Unakwenda wapi? Nikuwekee chakula?"

Alisimama ukutani, mahali alipozoea kukaa. Akaweka kiganja kwenye udongo wa ukuta, ule mkono uliochongwa na mkonge.

"Shikamoo, mama."

Hiyo si saa ya kuamkiana. Walikuwa wameamkiana asubuhi. Upande wa pili ufagio ukawekwa chini.

"Marahaba, mwanangu," Dorkas akasema. "Marahaba."

Lugano akashika barabara ya Kisiwani, ya kwenda Same, milima ikiwa mkono wa kushoto. Kule ghalani walimngoja mpaka jua likaondoka mlangoni.